Alfajiri ya Saa Mbili Usiku

Sib, Jumatano usiku

Safari hainitikisi mimi. Nimetoka Toronto, nimefika kwa dada yangu Zuwena macho makavu, utasema nimetoka sokoni.

Uongo mtupu. Nililala baada ya adhuhuri, nikazinduka kiza kishaingia, nikajua ni alfajiri. Nikatawadha, nikasali rakaa mbili, kisha nikatoka nikigonga milango: "Amkeni, wavivu nyie! Jua litakukuteni mmelala!"

Ukumbini wamejaa wageni waliokuja kunipa mkono, wanakula halua na kunywa kahawa. Saa ya ukutani inasema saa mbili usiku. Mzee mmoja akanijibu kwa adabu, "Sabalkheri, sheikh." Hakucheka. Asiyecheka jambo kama lile ana lake moyoni.

Tangu hapo Zuwena ananitazama kwa pembeni. "Kaka, leo siku gani?"

"Siku ya kukutafutia wewe mume mwengine."

Akacheka kidogo mno. Kisha kaingia jikoni na simu, kafunga mlango. Nimesikia jina la mwanangu, na "maskini kaka".

Nnajua linalopikwa. Mwanangu alisema mbele ya mkewe kwamba nikibabaika mara moja tu, sisafiri tena peke yangu. Nna hofu, wallahi. Akili yangu nzima, ni usingizi tu uliobaki Toronto. Lakini nani atamwamini mzee aliyeamsha watu wanaokula halua?

Zuwena, ulipovunja birika la mama nilichapwa mimi, nikanyamaza. Kesho mpigie tena mwanangu, mwambie nilikuwa nafanya mzaha.