Mawe ya Domitille

Nyalukemba, tarehe 10 Septemba 2023

Chancelle mwanangu,

Nakusalimu nikiwa salon, hapa sebuleni kwetu, kwenye kiti cha mama yako, kwa sababu changu kimejaa taulo. Mimi mzima, isipokuwa goti linalonisumbua nikipanda kutoka barabarani. Wewe vipi? Baridi ya Namur imeshaanza? Unakula?

Hizo taulo ni za akwariamu, lile sanduku la kioo la samaki wa mama yako. Umeme umerudia tabia zake, na ile betri inaweza kusukuma pampu tu, kupasha maji haiwezi. Kwa hiyo nachemsha maji kwenye makaa, nayatia kwenye chupa, nazifunga vizuri na kuziacha zielee ndani, kisha nafunika vioo kwa taulo na blanketi. Jirani yetu Jean-Baptiste aliniona napita na chupa akaniuliza kama nina mgonjwa ndani. Nikamwambia ndiyo, tena wengi.

Nina swali. Maji yanapungua kila siku, yanapanda hewani. Mimi nikawaza kwamba chumvi nayo itakuwa imepungua, basi nikawa naongeza maji ya chumvi. Nilionja kwanza kama mtu anavyoonja mchuzi, nikaona iko sawa. Lakini yale matumbawe yenye vidole vinavyofumba na kufumbua, ambayo mama yako aliyaita wanakwaya, yamejikunja na hayataki kufunguka. Nimekosea wapi?

Unakumbuka mama yako alivyorudi kutoka semina ya Mombasa? Siku ya mwisho walimvalisha miwani ya kuzamia, akachungulia chini ya maji, na tangu siku hiyo hatukupumzika. Nilimcheka sana. Nikamwambia, ziwa zima liko hapo chini ya mtaa wetu, na wewe unataka kujenga bahari salon? Akanijibu: "Ziwa iko ya watu yote. Hii itakuwa ya kwangu." Nilikasirika wiki nzima, halafu mimi mwenyewe nikaenda kutafuta fundi wa meza.

Unaniuliza nitakuja lini huko kwenu. Nikija, nani atabaki na maji yake? Nijibu hilo kwanza.

Ni mimi papa yako,
Marcellin


Namur, tarehe 1 Oktoba 2023

Papa yangu mpendwa,

Barua yako niliisoma kwenye basi nikacheka peke yangu, mpaka mama mmoja akahama kiti. Pole kwa goti. Mimi mzima, ninakula, na hapa hospitali wazee ninaowauguza wananichosha lakini wananipenda.

Papa, chumvi haipandi hewani! Ni maji tu yanayopanda, chumvi inabaki palepale. Umekuwa ukiongeza chumvi juu ya chumvi, na wewe ndiye uliyefundisha jografia maisha yako yote. Ongeza maji yasiyo na chumvi, yale yaliyochujwa, kidogo asubuhi na kidogo jioni, usiharakishe. Na usionje. Kwenye droo kuna kile kidude cha kupimia chumvi, kama darubini ndogo. Tia tone moja, kielekeze dirishani, soma namba.

Ninaona mikono ya maman ikikoroga chumvi kwenye pipa la bluu, na ule mwiko ambao ilikuwa marufuku kugusa bugali. Miezi ya kwanza tulikuwa na mawe na maji matupu. Wageni wanauliza samaki wako wapi, naye anajibu: "Munaangalia mbaya. Mawe ndiyo iko hai." Alinieleza kwamba ndani ya mawe wanaishi vidudu wasioonekana, wanakula uchafu wa samaki, na bila wao samaki anakufa kwa sumu yake mwenyewe. Nilikuwa binti wa sekondari, nikamwona mama yangu kama mchawi mzuri.

Sasa nikujibu. Chumba chako kiko tayari, nimeweka pazia la rangi unayopenda. Karatasi zako za kuhamia huku zimefika hatua ya mwisho, zinangoja saini yako tu, na zisipoingia kabla ya Pasaka tunaanza upya kabisa. Sina maman tena. Sitaki kubaki na baba wa kwenye simu. Yale maji mpe mtu, Papa. Naomba.

Binti yako,
Chancelle


Nyalukemba, tarehe 17 Desemba 2023

Mwanangu,

Salamu. Nadhani hujambo. Jana tuliondoa kilio cha mama yako, tukafunga matanga.

Misa ilikuwa nzuri. Watu walijaa mpaka nje, hata ndugu wa Bunyakiri walifika. Unajua desturi: wanaume tunarudi kukaa chini ya hema, wanawake wa ukoo wanaosha nyumba yote ili huzuni itoke, wanafua pazia, wanagawana nguo za marehemu. Tantine yako Nsimire ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Unamjua dada yangu huyo, akisafisha sufuria unaweza kujitazama ndani yake.

Nilipoingia kunywa maji nikaona mawe ya mama yako yamepangwa juu ya ukuta wa nyuma, kwenye jua, meupe kama mihogo iliyomenywa. Wanakwaya walikuwa kwenye takataka pamoja na maganda ya ndizi. Nsimire alikuja na mikono imelowa, anafurahi.

"Kaka, ile nyumba ya samaki ilikuwa muchafu sana. Mawe ilishaota madoa ya zambarau. Masikini Domitille, ugonjwa haikumuacha asafishe. Nimesugua na sabuni na brosi, ona sasa!"

Nikamwambia: "Aksanti, dada."

Ningesema nini? Alikuwa amepiga magoti tangu asubuhi kwa ajili ya mama yako. Samaki wawili alikuwa amewaweka kwenye beseni na maji yao ya zamani, kwa sababu kwake samaki hauawi siku ya kuondoa kilio. Kioo kilikuwa kinang'aa. Watu walipoondoka ndipo nilipomweleza, na nilimweleza vibaya, kwa sauti. Alikaa chini sakafuni. Kisha alichukua mfuko wake akarudi kwake Cimpunda, na simu yangu haipokei.

Samaki nimewarudisha kwenye kioo kitupu na maji mapya. Mawe nimeyaacha ukutani, yamekunywa sabuni, vidudu vyake vimekufa.

Basi, hakuna kinachonizuia tena. Tuma hizo karatasi.

Papa yako


Namur, tarehe 23 Desemba 2023

Papa yangu,

Sijui nikusalimu vipi. Pole, na pole tena. Nilikaa jikoni nikalia kama siku ile ya maziko. Halafu, Papa, katikati ya kulia nikajikuta ninafurahi kwamba utakuja, na furaha hiyo imenitia haya mpaka leo. Heri uijue kutoka kwangu.

Badilisha sehemu ya maji kila siku, maana bila mawe uchafu wao utawaua haraka. Wape chakula kidogo sana. Na Tantine usimwache hivyo, alifanya kwa mikono yake mizuri.

Karatasi nimezituma. Utaweka saini mahali nilipotia alama, kisha bahasha umpe Eulalie, mwenzangu wa hapa aliyekuja huko kwao kwa Noeli. Atarudi nayo.

Nauliza kitu kimoja. Kwa nini hukubishana nami hata kidogo?

Binti yako anayekupenda,
Chancelle


Nyalukemba, tarehe 14 Januari 2024

Chancelle,

Salamu. Afya nzuri.

Karatasi zimefika. Nimesaini zote. Eulalie ameshachukua bahasha. Samaki mkubwa amekufa Jumanne, amebaki mdogo, anakaa kwenye kona. Mpangaji wa nyumba amepatikana. Chagua tarehe unayotaka, na uniambie ninunue koti la aina gani, nitanunua hilo.

Papa


Nyalukemba, tarehe 7 Aprili 2024

Chancelle, maman yangu mdogo,

Pasaka njema iliyokwisha kupita. Mimi mzima, goti nalo limekubali kupumzika. Wewe sikuulizi, maana tangu Januari hujaniandikia barua. Unanitumia salamu mbili tatu kwenye simu, na kila nikikuuliza tarehe ya ndege unanijibu kwamba huko kwenu inanyesha.

Nikupe habari. Alhamisi Kuu geti liligongwa. Alikuwa Priscille, yule aliyefanya kazi na mama yako kwenye shirika, kabla hawajamhamishia Goma. Alikuwa ametoka bandarini moja kwa moja. Amebeba ndoo yenye mfuniko, imefungwa blanketi na juu yake kitenge, kama mtoto mchanga anayepelekwa kupimwa. Ndani ya mashua iliyojaa watu alikuwa ameibana kati ya magoti njia nzima. Watu walimwambia aishushe chini, akakataa.

Akafungua. Mawe, Chancelle. Mawe machafu, yenye madoa ya zambarau na vinyoo vinavyochungulia. Na juu ya jiwe moja, wanakwaya, wamejikunja kwa hofu ya safari.

"Iko mutoto ya mutoto ya zile za Domitille," akasema. "Siku nahamia Goma alinikatia kipande ya wanakwaya na mawe mawili. Aliniambia hii iko bugabire. Basi leo nimeleta ngombe."

Mimi Mushi mzima, desturi hiyo ni ya kabila langu, na sikuwahi kuwaza kwamba mawe nayo yanaweza kuwa ng'ombe. Wewe umekulia mjini, lakini bugabire uliisikia kwa babu yako: unampa rafiki ng'ombe, anamtunza, anakunywa maziwa, na ndama wanaozaliwa hawasahau zizi walikotoka. Zizi lako likifa, yeye anakurudishia mtamba uanze upya. Mama yako alifanya hivyo na kitu cha baharini, na hakuniambia. Alijua ningemcheka.

Siku iliyofuata nilikwenda Cimpunda. Nsimire alinifungulia mlango akabaki amesimama katikati yake. Nikamwambia nahitaji mtu wa kushika ndoo, goti langu haliwezi. Alivaa viatu tukatoka. Tulipofika alisimama mbali na kioo, mikono nyuma.

"Niguse?"

"Gusa. Lakini bila sabuni."

Alicheka, kisha akalia, kisha akapokea jiwe la kwanza kutoka kwa Priscille akaliteremsha ndani taratibu mno. Yule samaki mdogo alitoka konani kwake akaenda kuling'ata. Jumatatu ya Pasaka wanakwaya walifungua vidole. Mawe haya yamekuja na vidudu vyake, maji yanatulia. Nimeanza kula mezani tena.

Sasa nifike kwenye neno lenyewe. Kabla ya kupanda mashua ya kurudi, Priscille aliniita pembeni.

"Papa Chancelle, mi sikukuja na mawazo yangu. Sikujua hata kama mawe yenu ilikufa. Ni mutoto wako aliniandikia. Alisema, 'Papa ameitika ndiyo bila kubishana. Mama Priscille, nisaidie arudilie kubishana.' Alikataza nikuambie, lakini mi siwezi kukaa na hiyo ndani yangu."

Nilimuuliza uliandika lini. Akasema Januari. Nikampigia Eulalie, naye akathibitisha kwamba bahasha yangu yenye saini zote alikuwekea mkononi mwezi huohuo. Hukuipeleka popote. Pasaka imepita na umeiacha ipite.

Nilitaka kukuandikia kwa ukali, maana mtoto hamdanganyi baba yake miezi yote hiyo. Nimechana karatasi mbili, ukali hauji. Nitakuambia ukweli. Mwezi wa kwanza nilikuwa nimekwisha. Nilisaini kama mtu anayesaini apelekwe popote, na wewe uliyaona hayo kwenye mistari mitano kutoka mbali kiasi hicho. Ulikuwa umeshaweka pazia. Ulikuwa na baba mkononi. Na ukajua kabisa kwamba haya mawe yakifika, baba huyo haji.

Siji, Chancelle. Mpangaji nimemwambia nyumba haipangishwi tena. Nakupenda kuliko ninavyojua kuandika, na najua umelipa nini ili mimi nikae hapa nikinung'unika juu ya umeme. Asante, mwanangu, kwa kutonichukua.

Ni mimi papa yako,
Marcellin