Chungu cha Tairi Nne

Jumatatu, 20 Januari 2025

Haroub kaja asubuhi, hata chai kakataa. Kakaangu huyu akikataa chai, jua ana neno. Kaizunguka kirikuu ya marehemu baba, pikapu yake ndogo, pale uani, kaipiga teke ubavuni, kutu ikamwagika chini. Kasema keshazungumza na watu wa chuma chakavu, watakuja na lori waikatekate. Bodi imeliwa yote, eti hii si gari tena, ni chanja ya kuanikia nguo.

Nikamwambia injini inawaka. Kacheka. Nikapanda, nikaiwasha. Ikakohoa, ikazima, ikakohoa tena — ikawaka! 

Halafu mie na mdomo wangu. Nikasema bodi nitaitia mwenyewe. Akauliza kwa kitu gani. Nikasema kwa mikono. Mikono ipi, hiyo ya kufinyangia vyungu? Nikasema hii hii!

Basi tukawekeana sharti, mama shahidi. Jumamosi ya tarehe 22 Februari, kabla ya mfungo, gari itoke uani kwa injini yake, na bodi nzima juu yake, ifike barabarani. Ikifika ni yangu, hatii neno. Isipofika, lori linaichukua siku hiyo hiyo.

Miaka arubaini na nne, Jawaher, na bado unashindana na kakaako kama mlivyokuwa chuo cha Kurani. Lakini sirudi nyuma. Sirudi!

Jumatano, 22 Januari

Nimechora kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko. Nikafuta. Nikachora tena.

Kirikuu zote umbo lake moja: sanduku. Zimefanyiwa magunia, hazikufanyiwa vyungu. Kila nikipeleka vyungu Wete kwa gari za watu, vinatoka kumi, vinafika saba, na dereva ananiambia pole huku anatafuna. Mie nataka gari yenye tumbo. Pembe hata moja isiwepo. Chungu kikiyumba kikutane na ubavu wa mviringo kitulie.

Mama kaja kutia chumvi, kautazama ukuta muda mrefu. Bi Mwanakhamis huyu ndiye aliyenivyaa na ndiye aliyenifunza kufinyanga, na vyote viwili hunikumbusha. Kauliza neno moja tu: "Hicho kitapikiwa nini?"

 Baba ndiye angenielewa. Alinifunza kuendesha kwenye kirikuu hii hii, njia ya Gombani, mie msichana wa miaka kumi na tisa, watu wakamsema mpaka wakachoka. Haroub hakulipenda lile. Hajalipenda mpaka leo.

Jumapili, 26 Januari

Ashraf kaja kutoka Wete. Yeye hutengeneza boti za faiba, nilimpata kwa shangazi yake. Mtu wa maneno machache na madoa ya resini, gundi ya faiba, mpaka kwenye nyusi. Kanieleza hivi: kwanza lijenge umbo zima la gari, juu ya fremu yake. Umbo likikauka lipake nta. Juu ya nta tandika vitambaa vya faiba, vimwagie resini, acha. Ikiganda inakuwa ngumu kama mfupa. Hapo ndipo unalichokoa lile umbo la ndani, unabaki na ganda. Ganda ndilo bodi.

Faiba haina akili, kasema. Itashika umbo lolote utakaloipa, hata likiwa baya.

Nikauliza umbo hilo la ndani hufanywa kwa kitu gani. Kasema wenzetu wana povu maalumu, lakini hata udongo unafaa, tatizo ni kumpata mtu anayeujua udongo.

Nimecheka mpaka mama katoka chumbani kutazama kuna nini.

Ijumaa, 31 Januari

Gari ya ng'ombe imeshusha udongo mara sita. Mgongo si wangu. Fito nimefunga juu ya fremu, makumbi ya nazi nimeshindilia ndani, nusu ya ubavu imesimama.

Mtaa wetu, Tibirinzi nzima, wanajua. Bi Mmanga, jirani yetu wa nyuma, kamuuliza mama kama nimepimwa kichwa. Na dukani leo, nimekwenda kununua mishumaa ya nta, mijanaume mizima imekaa barazani, mmoja anapaza sauti: "Bi Jawaher! Chungu kimeiva?"

Nikageuka. "Hakijaiva, lakini ni chungu kweli kweli, na mtakimeza!"

Wakaangua kicheko. Nami nikacheka, nilipofika njiani, peke yangu. Sasa gari nimeshaipa jina. Wacha waite Chungu.

Jumanne, 4 Februari

Alhamdulillahi. Siku nzuri kuliko zote.

Umbo limetimia. Leo nimelainisha kwa gamba la kombe la baharini na maji, toka asubuhi mpaka alasiri, nazunguka tu. Nazunguka vile vile ninavyozunguka chungu: mkono wa kulia juu ya udongo, unasukuma, miguu inafuata. Mama hafinyangi kwa kukaa, wala mie. Chungu kinakaa, mtu ndiye anayezunguka. Na siku zote upande mmoja, hatugeuzi. Nimezunguka gari ile mara mia au zaidi. Mashavu yamekuja, paji limekuja, tumbo limekuja. Kioo cha mbele cha zamani kimekaa mahali pake kama kimezaliwa hapo.

Nimelifunika magunia mabichi lisikauke haraka likapasuka. Hilo Ashraf hakunifunza. Hilo nalijua mie.

Alhamisi, 6 Februari

Lo! Lo! Jamani!

Ashraf kaja kukagua kabla ya nta. Kafunga uzi katikati, toka puani mpaka mkiani, akawa anapima kulia, anapima kushoto. Kapima. Kapima tena. Kavua kofia.

Bega la kushoto, pale mbele juu ya tairi, limezidi la kulia vidole vitatu. Na nyuma ni kinyume: kulia ndiko kumezidi.

Nikasema haiwezekani, mkono ni huo huo mmoja! Akasema ndiyo sababu. Akaniambia hebu zunguka, Bi Jawaher, nikuone. Nikazunguka. Ubavu wa kulia natoka mbele nakwenda nyuma, nausukuma udongo nyuma. Nikipinda mkia, ubavu wa kushoto natoka nyuma nakuja mbele, nausukuma udongo mbele. Kwenye chungu haidhuru, chungu hakina mbele wala nyuma. Gari ina mbele! Miaka thelathini ya kufinyanga, na sikulijua hili mpaka leo, mbele ya mtu wa Wete.

Ashraf hakucheka, Mungu ambariki. Kasema fundi wa gari hufanya ubavu mmoja akageuza mkono akafanya wa pili. Kasema kwangua bega, siku mbili tu. Lakini tairi halitagusa, hata ukiacha gari itakwenda. Ni sura tu.

Mama kasikia yote kutoka dirishani. 

Nimechukua gamba nikaanza kukwangua. Nimekwangua kama kiganja kimoja. Halafu nikarudi nyuma mpaka kwenye mwembe nikaitazama vizuri. Wallahi imesimama pale haina hata injini inayonguruma, na inaonekana kama inakata kona. Gari nzima imepindwa na mkono mmoja. Wangu. Hakuna kirikuu duniani yenye mwendo ule imesimama.

Nimeurudisha udongo nilioukwangua. Sikwangui! Haroub akitaka gari zinazofanana kulia na kushoto, zimejaa Chake Chake, akachague.

Jumatano, 12 Februari

Faiba. Siku tatu. Inawasha mpaka kwenye mikunjo ya viwiko. Mama kahamia kwa Bi Mmanga kwa ajili ya harufu, na huko, nimeambiwa, anamwambia kila mtu kuwa mwanawe anajenga gari. Anajenga. Hakusema anachezea.

Vidole vimekufa ganzi, siandiki zaidi.

Jumatatu, 17 Februari

Tumechokoa udongo wa ndani. Jembe dogo, mikono, maji. Ashraf ndani, mie nje, tunagonga gonga. Kisha tukalinyanyua watu wanne, na ganda likatoka zima! Zima! Jepesi ajabu. Nimeingia chini yake nikakaa. Ndani kuna alama za vidole vyangu zote. Nikalia. Naam, nimelia, nani atanizuia?

Jioni kaja Haroub. Nilidhani kaja kucheka. Kaigonga kwa kifundo cha kidole, kapitisha kiganja ubavuni mpaka bega la kushoto. Hapo kiganja kikasimama. Ana duka la vifaa vya ujenzi, jicho la kupima analo. Kasema huku kumezidi.

Nikasema najua.

Kasema ukikwangua ukaziba tundu kwa faiba itapendeza, mie nina mashine ya msasa dukani, nikuletee. Sauti yake ilikuwa nzuri kabisa, hata nikababaika. Nikamwambia nashukuru kaka, sikwangui. Akasema huo ndio ubishi wako, na baba ndiye aliyekuharibu. Kaondoka hajaaga.

Ingekuwa kasema la kwanza tu akanyamaza, labda ningekubali ile mashine.

Ijumaa, 21 Februari

Bodi imefungwa kwenye fremu, boliti kumi na nane. Rangi ya udongo uliochomwa, si nyekundu si kahawia. Milango haina, itakuja. Pajini nimeandika kwa mkono: CHUNGU.

Kesho. Ya Rabbi, kesho.

Jumamosi, 22 Februari

Naandika juu ya usukani. Gari iko katikati ya mlango wa ua. Haimo ndani wala haiko nje.

Saa sita kasorobo walikuwa wameshafika. Haroub na kanzu yake, lori la chuma chakavu na wapakizi wake wawili, Ashraf, Bi Mmanga, baraza zima la dukani. Nikasema bismillahi, nikawasha. Ikawaka mara ya kwanza! Nikaipeleka taratibu. Pua ikatoka. Watu wakapiga vigelegele. Halafu kushoto — krrr.

Bega. Bega limekamatwa na nguzo ya mlango. Nilipima mlango, naapa nilipima! Nilipima kwa uzi niliokata kwa kipimo cha mchoro, kabla bega halijakuwa bega. Nikarudi nyuma, nikajaribu kupinda, kulia kukagusa. Vidole vitatu. Vile vile vitatu.

Haroub kaja kando ya usukani. Hakucheka. Kasema, Jawaher, mashine ya msasa iko ndani ya gari yangu, nimekuja nayo. Punguza bega, pita, tumalize, mie nitakuhesabia umefika.

Kila mtu ananitazama. Ashraf anatazama chini. Na mie nimeshika usukani, machozi yako karibu, na bado nasikia mdomo wangu unasema: bega halipungui. Ivunjwe nguzo.

Hapo Haroub akapandisha hasira. Kasema ukuta huu ni urithi, na katika urithi yeye ana mafungu mawili mie moja, na fungu lake halivunjwi kwa ajili ya chungu. Nikamwambia basi thuluthi yangu inaanzia kwenye nguzo hii hii, hesabu kutoka hapa! Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Kaenda kusimama mbele ya nguzo, mikono kifuani. Kawaambia wale wa lori wangoje, sharti ni kufika barabarani, na siku ina mwisho wake.

Ndipo mama akatoka. Kashika jembe.

Kasema, Haroub mwanangu, nguzo hii hakuijenga babaako. Mwaka niliokuvyaa wewe yeye alikuwa Tanga, ng'ombe wanaingia ndani wananilia mahindi, nikaufinyanga ukuta huu mie, kwa udongo wangu, wewe mgongoni. Mimi sijafa. Urithi gani huo unaonirithi mie niko hai?

 Hata injini ilikuwa kama imepunguza sauti.

Haroub hakuondoka kwenye nguzo. Kasema, mama, nakuheshimu, ila usinifedheheshe mbele za watu. Mama kasema ondoka hapo. Haroub kasema siondoki. Sijapata kumsikia akimwambia mama hivyo, na uso wake ulikuwa uso wa siku zile za chuoni, akikaribia kulia lakini uso haukunji.

Adhana ya adhuhuri ndiyo iliyotuokoa. Wanawake wamerudi majumbani kusali, wanaume wote wamekwenda msikitini, na watu wa lori wamekwenda nao. Haroub kawa wa mwisho kutoka, kanyoosha kidole kwenye nguzo kisha kwangu: nisiiguse mpaka arudi. Mie niko kwenye siku zangu, sisali, nimebaki garini. Njia yote nyeupe, hakuna mtu.

Nimekaa nafikiri. Mashine ya msasa iko pale, gari ya Haroub haijafungwa. Nusu saa tu. Bega lingepungua, sharti lingetimia, kakaangu asingefedheheka. Hata mkono nimeunyoosha nikalishika bega kutoka ndani, pale zilipo alama za vidole.

Halafu nasikia ko, ko, ko.

Mama. Kafunga kanga kiunoni, analima nguzo.

Nikamwambia, mama, hujasali! Hakugeuka. Kasema adhuhuri ina wakati mrefu.

Ko, ko. Vumbi linaingia garini, linaanguka juu ya daftari. Limeshatoka pande kubwa la juu. Nafasi ya kidole kimoja hiyo, au viwili. Msikitini nawasikia wanaitikia dua, sasa hivi wanavaa viatu.

Mama ananitazama. Anasema weka hilo daftari, tia gia.