Saini Yako Kwenye Mstari wa Baba

Chumba cha Tatu,
Nyuma ya Karakana ya Sare,
S.L.P. 417.
9 Juni

Mpendwa kaka,

Salamu nyingi zikufikie wewe, wifi na mapacha. Natumaini mnalala na kuamka salama, na ule mgongo wako umeacha kukusumbua. Huku Mama hajambo. Magoti yake yanalalamika wakati wa baridi tu, ila mwenyewe analalamika mwaka mzima. Shangazi amewekewa meno mapya na sasa anacheka hata pasipo na cha kuchekesha. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio unaotokota, nikaona nikuandikie kabla haujafurika.

Kwanza ni habari ya mwanangu. Unakumbuka tulimwita Chiriku kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika. Siku hizi ametulia, nami kwa ujinga wangu nikadhani anakua. Kumbe hasikii vizuri. Sikio la kushoto limekuwa likitoa usaha tangu mvua za mwaka jana, na daktari wa masikio anasema kiwambo kimetoboka na usaha umeanza kula mfupa. Anataka apasuliwe kabla ya mwezi ujao kwisha, la sivyo sikio hilo tulisahau, na ugonjwa unaweza kupanda kichwani.

Nyumbani nazungumza naye kwa kupaza sauti. Juzi aliniuliza kwa nini namkasirikia kila siku.

Upasuaji huo siuwezi kwa mshahara wa kushona kola za sare. Lakini mwanzoni sikuogopa, maana serikali ina bima ya afya kwa akina mama wa kipato kidogo tunaolea peke yetu. Bango lake limebandikwa hadi mlangoni pa karakana: mama anatabasamu, mtoto amenona. Nikajiambia hii imetungwa kwa ajili yangu. Nikaomba ruhusa kwa msimamizi, nikaenda.

Kaka, fomu ya wanawake wasio na waume ina swali hili: je, mume wako anajua kwamba unaomba bima? Nikaliacha wazi. Wakanirudisha nikajaze. Nikaandika "hayupo". Wakataka barua ya kuthibitisha kwamba hayupo, yenye saini yake mwenyewe. Ukitaka kucheka cheka, mimi sikucheka. Nimepanga foleni siku nne, na siku zote hizo cherehani yangu ilikaliwa na mtu mwingine.

Dirishani yuko karani tunayemwita Bwana Mfumo, kwa sababu yeye hajawahi kumkataa mtu. Mfumo ndio unaokataa. Siku ya nne akanigeuzia kioo cha kompyuta nijionee. Daftari la shule limeunganishwa na la bima, na kwenye mstari wa baba pana jina lako, kazi yako na saini yako. Mtoto ana baba, baba ana ajira, ombi limefungwa.

Labda umesahau. Hata mimi nilikuwa nimesahau. Siku ya kumwandikisha darasa la kwanza ulikuwa huku likizo. Watoto walikaa na baba zao kwenye madawati, mwalimu akiwaita mmoja mmoja watie saini, na Chiriku akaanza kulia. Ukanyanyuka, ukavuta kalamu mfukoni, ukasaini kwa mbwembwe kama waziri. Tulirudi nyumbani tukikusifu njia nzima.

Waliosema mchelea mwana kulia hulia yeye hawakukosea, ila hapa aliyechelea ni wewe na anayelia ni mimi. Nimekukasirikia, nakwambia waziwazi. Hukuniuliza. Na mimi nilikuwapo, nikaona raha, nikanyamaza, kwa hiyo najikasirikia pia.

Nikamweleza Bwana Mfumo kwamba huyo ni kaka yangu, tumbo moja. Akapaza sauti foleni yote isikie: "Kwa hiyo umezaa na kaka yako?" Wakacheka. Wanawake wenzangu, watoto mgongoni, fomu zilezile mkononi, wakacheka. Nilimjibu maneno ambayo Mama asiyasikie kamwe, na mlinzi akanishika mkono akanitoa nje.

Na yule baba aliyemzaa, mfumo haumjui. Anaendesha lori lake, anakula anashiba, jina lake haliko popote na hakuna anayemtafuta. Aliyekimbia hana kosa, aliyesaidia ndiye mwenye kesi. Kila nikilifikiria hili naikanyaga cherehani kwa hasira, na wiki hii nimevunja sindano tatu.

Mama mfagiaji wa ofisi ile ndiye aliyenifuata nje akanieleza njia. Kuna fomu ya kiapo, unaijaza mbele ya wakili. Nimeiambatanisha. Ina mistari miwili. Wa kwanza: mimi si baba wa mtoto huyu. Huo ni kweli, saini. Wa pili: sina wajibu wowote kwake, sasa wala baadaye. Huo nilitaka tuukate, lakini fomu yenye mkwaruzo wowote inakataliwa. Basi wanataka kwanza wamwondolee mtoto mjomba, ndipo wamtibu sikio.

Nakuomba ukaape wiki hii hii, kaka, usingoje mshahara wala mapumziko. Daktari hangoji, na usaha ndio kabisa.

Nisalimie wifi, mwambie kitambaa alichonitumia nimekishona gauni na linanikaa. Wabusu mapacha. Mama anakuombea kila alfajiri, Shangazi anakuonyesha meno. Mungu akulinde huko uliko, akurudishe mzima.

Mdogo wako akupendaye hata akiwa na hasira nawe,

Mama Chiriku

Nyongeza: Nilimficha mtoto hiyo fomu, lakini tangu sikio limkatae anasoma kila kitu. Aliikuta mezani nikipiga pasi, akaandika nyuma kwa penseli: "Mjomba saini tu. Mimi najua hii ni ya serikali." Bwana Mfumo akiyaona maandishi hayo ataikataa fomu. Nilichukua ufutio mara mbili nikashindwa. Ukishasoma, yafute wewe.