Siki, Choya na Chupa Mbili za Rangi

Baba Asha,

Leo sina hakika hata na ninachokijua.

Mjukuu wetu Mwanahawa alinipigia asubuhi kutoka shuleni Ruangwa, kwa simu ya matroni. Kesho wana mtihani wa vitendo. Watapima siki kwa sodiamu haidroksaidi, ile besi kali, na kila mmoja atachagua mwenyewe kiashiria, rangi ya kuonyesha siki imekwisha, POP au MO. "Bibi, si ulikuwa mwalimu wa kemia? Nitie ipi?" Nikajibu upesi, tia MO. Akashukuru, akakata.

Moyo ukakataa kutulia. Tangu ulipotutoka, nyumba hii ya Nachingwea haina wa kunibishia.

Mchana nikatengeneza juisi ya choya. Nikatia sukari, nikakoroga, wekundu wote ukawa kijani cha matope. Kumbe nimechota magadi. Nikasimama na kijiko, sijui nicheke au nilie. Ndipo nikakukumbuka, siku maabara yetu ya shule ilipoishiwa dawa nikaja na choya yangu badala ya kiashiria. Ulicheka mpaka ukavua miwani. "Mama Asha, choya inageuka njia nzima, haikwambii umefika. Halafu uliza kwanza, mnyonge nani, asidi au besi?"

Mnyonge ni siki. Basi inapokwisha yote, mchanganyiko umeshaelemea upande wa besi, na huko ndiko POP inakogeuka pinki. MO ingegeuka mapema, siki ingali imebaki. Nadhani ni hivyo. Nafika katikati, napotea, naanza tena.

Sijamwambia mtu hili: vitu vinanitoka. Majina ya majirani, njia ya sokoni. Juzi nilisimama kwenye swala nisijue niko rakaa gani. Watoto wanadhani ninaumwa moyo na miguu tu.

Nimempigia matroni, hapatikani. Mwanetu Hamisi ana gari. Nikimwomba anipeleke Ruangwa alfajiri ataniuliza kuna nini, na miguu haitanifaa kuwa jibu. Nikinyamaza, mtoto atatia MO kwa sababu bibi yake kasema.

Nitamwambia Hamisi, nakuahidi. Namwita nikishakunja karatasi hii, kabla hili nalo halijanitoka.

Mungu akulaze pema, mume wangu. Siku zangu si nyingi. Tukikutana usiniulize jina langu, huenda nikababaika. Niulize mnyonge nani.

Mama Asha