Mashine ya Kufunga Mezani

Jumatatu, 2 Juni 2025
Mikono yangu imenisaliti. Nilisugua beterave, yale mabitiruti mekundu, kwenye râpe, kikwaruzo changu cha mboga, nikakamua kwa kitambaa, binti yangu Chérie akanywa glasi nzima. Halafu mama mkwe akatoka kwenye maombi, akaona vidole vyangu — vyekundu mpaka kwenye kucha. Jioni natafuta râpe, haipo. Ameifungia kabatini mwake, nisije nikamkamulia Chérie siku za kufunga.

Ijumaa nyumba nzima inaanza kufunga. Bila kula, bila maji, mpaka Jumapili. Kwa ajili ya damu ya Chérie — na Chérie naye afunge! Mtoto wa miaka tisa, mwenye SS, ugonjwa wa selimundu, ambaye daktari alituambia neno moja tu: anywe, asiache kunywa. Na baridi hii ya Juni ndiyo inayoamsha maumivu. Maji matupu anayatapika. Juisi inakaa.

Bertin, mume wangu, anasema atazungumza na mama yake. Bertin mbele ya mama yake ni mtoto wa shule.

Jumanne, 3 Juni
Kikula, sokoni, na jirani yangu Émilienne, ninayemwita Ya, dada mkubwa. Natafuta mashine ya kukamua juisi, naye anajua kila duka la vyombo.

Mashine ya kwanza ni ya umeme, ile ya kasi. Muuzaji akaiwasha, duka zima likanguruma kama kinu. Karoti ilikwisha kabla sijapepesa macho. Lakini sisi wa camp ya Panda, ukuta ni mmoja na jirani, hata kikohozi kinasikika. Mama mkwe angekuwa jikoni kabla ya tone la kwanza. Na majani ya lengalenga iliyatema karibu mazima.

Ya pili ni ya umeme pia, lakini ya polepole. Inasaga kimya kimya, majani yanatoka makavu. Nikaipenda papo hapo. Ya Émilienne akanivuta kando, akanikumbusha umeme wetu.

"Mama Chérie, courant ya Panda weye unaiyua. Inaenda asubui, inarudia saa inataka. Utakamua na nini? Na maombi?"

Nikacheka. Sikutaka kucheka.

Ya tatu ni chuma kitupu, ya kuzungusha kwa mkono. Inasaga kama ile ya polepole, haidai umeme. Zile ndogo za kubonyezea machungwa sikuzigusa, beterave haziwezi.

Nimerudi mikono mitupu. Nikikosea, anayelipa ni Chérie. Naogopa.

Alhamisi, 5 Juni
Nimenunua ya mkono. Nimeipitisha mlangoni ndani ya beseni, chini ya lengalenga. Mama mkwe akanisifu eti mboga ni nzuri.

Halafu — mjinga mimi! Inafungwa kwa skrubu kwenye ukingo wa meza. Nimejaribu kitanda: mbao nene mno. Kigoda: kinapinduka. Dirisha: hapana. Jikoni tuna mbabula ya makaa na sakafu, basi. Nyumba hii ina meza moja, iko sebuleni, na mama mkwe habanduki hapo na Biblia yake. Nilikimbia kelele, nikasahau macho.

Bertin atazungumza kesho. Kesho ndiyo Ijumaa yenyewe, na anaingia kiwandani alfajiri.

Ijumaa, 6 Juni
Wameanza. Wamama wa maombi wamejaa sebuleni.

Chérie mwenyewe amekubali. Nkambo, bibi yake, amemwambia akifunga atapona. Nimempa maji kwa siri, yamerudi yote. Mchana mama mkwe akamfunika blanketi lake mwenyewe, akamwimbia kwa Kiluba mpaka akalala. Anampenda sana. Hilo ndilo linalonichosha. Angekuwa adui, ningejua la kufanya.

Jumamosi, 7 Juni
Asubuhi: "Mama, magulu inaniuma." Ni miguu sasa. Midomo mikavu, macho ya njano. Bertin kazini, simu haishiki. Umeme hakuna. Nimejisemea: anywe kwanza, maumivu yasipopungua ni hospitali leo leo, hata kwa mgongo wangu.

Nikaosha beterave na machungwa. Nikabeba mashine, nikaingia sebuleni. Nikasogeza Biblia. Nikakaza skrubu. Wimbo ukasita.

Mama mkwe akasema taratibu: "Weye unavunja maombi ya mutoto wako."

"Mama, miye pia niko naomba. Lakini mutoto akunywe."

Sikujua nina sauti hiyo. Nikazungusha. Meza ilitikisika, Biblia zikateleza, hakuna aliyenyoosha mkono kuishika meza. Glasi ikajaa. Mikono yangu ikawa myekundu tena, safari hii mbele ya wote.

Sasa niko chumbani, nimeegemea mlango. Chérie anakunywa kwa kijiko. Ameuliza kama nkambo amekasirika. Nimemwambia anywe. Juisi haijarudi. Amemaliza, anataka nyingine — na mashine nimeiacha kule!

Sebuleni chuma kinalia. Ni mama mkwe anafungua skrubu, au anazungusha? Sithubutu kuchungulia. Akiitupa nje, sina kitu kingine. Mtu anakwenda jikoni, nilikoacha beterave. Anarudi. Chuma kinalia tena, na Biblia moja imeanguka chini, nimeisikia.

Sauti ya mama mkwe, nyuma ya mlango:

"Mama Chérie, kuya ushike meza. Iko natingizika."

Chérie ananitazama. Miguu bado inamuuma. Nakwenda kuishika —