Wali wa Tae-sik

Gwangju,
20 Mei 1990

Dada Gyeong-ok,

Pokea salamu zangu za mapenzi. Hujambo wewe, shemeji na watoto? Kikohozi cha mdogo kimepoa? Sisi tuko hai. Mama anakula vizuri, magoti tu ndiyo yanamsumbua.

Mei imefika tena. Mtaa mzima unakaanga samaki wa meza za kuwakumbuka waliouawa na askari Mei ile, nyumba hadi nyumba, wiki moja. Sisi hatukaangi. Mama anasema Kaka Tae-sik hajafa, hajarudi tu. Mwaka wa kumi huu! Bakuli la kwanza la wali bado ni lake, linafunikwa blanketi pale sakafuni panapopashwa moto kwa chini lisipoe, na mimi niliyetoka kiwandani na njaa nasubiri. Juzi nikamwambia mama hata mimi nina tumbo. Akanijibu nisimsumbue, mwenzangu yuko njiani. Nisikufiche dada, nina wivu. Mtu mzima mimi, namwonea gere mtu asiyekuwepo! Hata enzi zake yai lilikuwa lake, mimi nikilamba sahani.

Jumapili alikuja Bi Jang, jirani aliyefiwa na mume siku zile zile. Mama akaanza yale yake: kosa ni lake, alificha viatu vya kaka asiende kwenye maandamano, kisha kwa uzembe akavisahau mlangoni. Bi Jang akamwambia hebu aachane na hivyo viatu, yule angekwenda hata pekupeku. Mimi nikakimbilia jikoni kuosha vyombo visafi.

Sasa kaa chini, dada. Mama hakuvisahau. Nilivitoa mimi kwenye pipa la mchele, nikampa kaka mkononi. Nilitaka agombezwe. Walau siku moja agombezwe yeye! Akanipapasa kichwa, akafunga kamba, akaenda kule walikokuwa askari.

Jana nimemwambia mama. Nilijua atanifukuza. Aliendelea kumenya vitunguu saumu, akasema anajua, aliniona kutoka uani, na alipofika mlangoni kaka alishapita kona. Nikamuuliza, mbona miaka yote hii anajilaumu mbele za watu? Akasema watu walitaka mtu wa kumlaumu, na mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili.

Njoo, dada, hata kwa siku mbili. Siwezi kumtazama usoni peke yangu. Wabusu watoto, na shemeji mpe heshima zangu.

Mdogo wako,
Yeong-nan