Mke wa Kwanza Aliyeandika kwenye Ukurasa wa Harusi Yetu

Bwera, Jumanne. Mvua inatishia tu, hainyeshi.

...na bado nampenda, shajara, hilo usilisahau hata ukisoma mabaya hapa chini. Nampenda mume wangu Bwambale anavyokunja mikono ya shati kabla ya kwenda Mpondwe mpakani kupitisha mizigo ya watu forodhani. Nampenda anavyonukia sabuni! Mapambo ya harusi bado yamo kwenye boksi chini ya kitanda.

Lakini tangu Jumapili silali.

Unaujua ule ukurasa wa harusi niliotengeneza mwenyewe kwa kutazama video, nikauweka kwenye wingu, yaani kwenye kompyuta za watu walio mbali. Mgeni anachagua picha, anaturushia maua, anaandika pongezi. Jumapili mtu asiyejitaja aliandika: "Mimi ndiye muke wake wa kwanza. Weye ulikuja nyuma. Umutunze, nitakuja kumuchukua."

Nilisoma nikiwa nimesimama. Nikakaa.

Sikumwambia Bwambale. Niliongeza mstari kwenye programu ili kila anayeandika aache anwani yake ya IP, ile namba ya mtandao anaotumia. Jana asubuhi Bwambale aliniwekea kopa la mapenzi ukurasani akiwa ofisini. Baadaye kidogo yule mtu akarudi: "Mbona hunijibu?"

Anwani zao zilikuwa moja, hadi tarakimu ya mwisho.

Mchana nilimwekea bundu, ule ugali wetu wa muhogo, na samaki, nikakaa mbali naye.

"Biira wangu, chumvi imekosekana au nimekosea mimi?"

"Nani mwingine anatumia intaneti ya ofisi yenu?"

Nikamwonyesha namba tu. Maneno ya yule mtu niliyaficha, sikuweza kuyatamka. Alishusha kidole kwenye orodha.

"Na huyu aliyeandika 'karibuni nyote' ni nani?"

"Ni mimi."

"Ana namba hiyo hiyo. Kumbe na wewe uko ofisini kwangu?"

Kweli. Hata dada yangu Masika, aliyeandika akiwa Kasese mjini, alikuwa na namba hiyo. Aibu ilinipata, lakini hofu haikuondoka.

Alipoondoka nikasoma majibu ya watengeneza programu mtandaoni. Kumbe huko kwenye wingu programu yangu haikutani na wageni. Kuna seva ya mlangoni inayowapokea, na mimi nilikuwa nikiandika anwani ya huyo bawabu kila mara! Anwani ya mgeni mwenyewe bawabu huiambatanisha pembeni, mahali panapoitwa X-Forwarded-For. Nikarekebisha. Nikangoja.

Leo asubuhi: "Bwana yangu anapenda ndizi ya kuchoma. Ulikuwa unajua?"

Safari hii anwani ilikuwa ya Kongo.

Ndizi ya kuchoma anaipenda kweli. Na Kasindi, ng'ambo ya mpaka, anavuka kwenda karibu kila wiki. Nikampigia simu aje nyumbani. Nikampa kompyuta, nikasimama mlangoni ili asione uso wangu.

Alisoma yote. Akajiziba mdomo kwa kiganja. Kisha akapiga simu, akaweka spika.

"Eh! Bwana yangu!" ilijibu sauti ya kizee. "Na huyo mutoto muke iko ananiogopa?"

Nyanya yake wa Kasindi! Miguu haikumruhusu kuja harusini, na hayo yote alimwagiza jirani amwandikie.

Utani huu naujua tangu utotoni. Nyanya humwita mjukuu mume wake, na bibi harusi humwita mke mwenza. Babu yangu wa Karusandara aliniita mke wake mpaka alipofariki. Lakini kwenye kioo cha kompyuta, bila kicheko, bila macho yake, nilisoma vita.

"Mke mwenzangu," nikasema, "umenikondesha."

"Ukonde na nini? Kuja nikuone. Ao unangoja nikufe, ndiyo umubebe peke yako?"

Bwambale alicheka mpaka machozi. Mimi sikucheka. Katika swali lile la mwisho sikusikia utani, nilisikia mzee anayetungoja.

Nimeufuta ule mstari wa anwani. Ulinitajia nchi, haukunitajia mtu, na mimi nilikuwa tayari kumhukumu mume wangu kwa huo.

Nimemwahidi nyanya: mwezi huu hauishi kabla hatujavuka. Nitamchomea bwana wetu ndizi mbele yake, aniambie ninapokosea.